Mzinga Usiopakwa Nta na Kompyuta za Skola

Jumatano ile naikumbuka kama ya juzi, mwanangu. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Nsemulwa napepeta mchele, jua la saa nne asubuhi limeanza kuuma, mjukuu wangu Skola akanipita mara ya tatu amekumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa. Mara ya kwanza aliipeleka dirishani. Mara ya pili akaiweka juu ya kinu nilichokipindua kikauke. Sasa alikuwa anaipeleka kule mwisho wa uwanja, karibu na banda la kuku, akaigeuza uso wake utazame mnara wa simu.

"Mke mwenzangu," nikamwita, maana ndivyo tunavyotaniana, "hicho kitu unakianika?"

"Bibi, niache. Natafuta mtandao."

"Kwani uliudondoshea kwa kuku?"

Hakucheka. Nikaweka ungo chini. Skola ni mtu wa kucheka, huyo. Ukiona kicheko kimempotea, ujue maji yamefika shingoni.

Nikueleze kwanza yalikotoka. Skola ni binti wa Fidelis, mtoto wangu wa nne. Alisomea kompyuta miaka miwili kwenye chuo cha ufundi, akarudi nyumbani na cheti kizuri, na kile cheti kikakaa kwenye bahasha juu ya kabati mwaka mzima, kinaliwa na vumbi. Kazi hakuna. Ndipo mtu mmoja mwenye moyo akaipa shule ya sekondari ya jirani kompyuta sita za kukunja, kuukuu. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ndasi, akamwita Skola. Akamwambia: Ijumaa nina kikao cha wazazi. Nataka wazazi wawaone watoto wao wanasoma mambo ya mtandaoni kwenye hizi kompyuta. Zikishika mtandao, wewe ndiye mwalimu wangu wa kompyuta. Zisiposhika, zinaenda stoo, na wewe binti tutaonana siku nyingine. Siku nyingine ya Mwalimu Ndasi naijua mimi. Mdogo wangu Paskazia aliambiwa hivyo hivyo kuhusu kazi ya kupika uji, anaisubiri mpaka leo.

Basi Skola akaanza vizuri. Zile kompyuta zilikuwa zimezeeka, ukiwasha unaweza kwenda kisimani na kurudi bado zinazunguka. Akazitoa mfumo wake wa zamani, akaziwekea mfumo unaoitwa Linux, ambao ni wa bure na ni mwepesi. Mimi mwenyewe niliona: anabonyeza, kabla sijamaliza Salamu Maria, imewaka. Nikapiga vigelegele. Lakini tumboni mwa kompyuta kuna kipande kidogo, kadi ya waifai wanaiita, ndiyo inayodaka mtandao hewani bila waya. Ile kadi ikalala. Jumatatu ikalala, Jumanne ikalala. Skola akafuta ile Linux akaiweka upya mara tatu. Kadi imelala kama mlevi wa Jumapili. Sasa ni Jumatano, na yeye amekuja na moja nyumbani anaizungusha uwanjani, mara dirishani, mara kwenye kinu, mara kwa kuku.

Nikamtazama, mwanangu, nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka khanga ikafunguka.

"Bibi, unanicheka mimi?"

"Najicheka mimi," nikasema. "Hebu iache hiyo, njoo ukae. Nilishawahi kuwa wewe."

Nikamsimulia, na wewe nakusimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, msichana wa miguu mirefu na kichwa kigumu. Tulikaa upande wa Inyonga, ndani ya msitu wa miombo, na watu wetu walikuwa warina asali tangu enzi ambazo hakuna anayezihesabu. Kazi ya nyuki ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alipika pombe ya asali, akaionja, akasifiwa, basi. Mimi nikataka mzinga wangu. Nilimsumbua mjomba wangu Malando, kaka yake mama, msimu mzima, nikimbebea maji, nikimtafutia kuni za kambini, mpaka siku moja akanitupia mzinga mpya wa gome la muyombo, bado unanuka utomvu. "Haya, Veronika," akasema, "nenda kafuge." Nadhani alifikiri nitauchoka baada ya wiki.

Nikautundika mwenyewe kwenye mti wa mtundu, kwa kamba, maua ndiyo kwanza yameanza. Nikangoja. Nyuki wanapita juu, wanavuma, wanakwenda zao. Baada ya wiki mbili nikaulaumu mti: huu una kivuli kingi. Nikaushusha, nikauhamishia kwenye mti wa muba. Wiki mbili tena, hakuna kitu. Nikasema hapa pana siafu. Nikaupeleka kwenye mninga mkubwa uliokuwa karibu na mto, mti mzuri ajabu, hata mimi ningehamia. Nyuki wakaja, wakazunguka mlango mara moja, wakaondoka. Nikasema ni njia ya ng'ombe hii, ng'ombe wanawatisha. Kila mti niliupa kosa lake, mwanangu. Miti haijui kujibu, ndiyo maana ni rahisi kuisingizia.

Aliyeingia mwishowe alikuwa mjusi. Na mke wake. Na ukoo wake wote, nadhani.

Wenzangu wakanigeuza wimbo. Kulikuwa na Agripina, Sesilia, na yule Modesta mwenye mwanya, ambaye mdomo wake ulikuwa hauna mlango. Nikipita kisimani ananiita: "Vero! Asali ya mijusi utatuuzia lini?" Nilikuwa narudi na ndoo nusu kwa hasira.

Sasa watu husema fuata nyuki ule asali. Mimi nilikuwa nataka nyuki ndio wanifuate mimi, na bila kumwuliza mtu. Hapo ndipo palikuwa na ugonjwa wenyewe. Mjomba Malando alikuwa anakaa hatua mia mbili kutoka kwetu. Mizinga yake ilikuwa imejaa. Lakini nilijiambia: nikimwuliza, ule mzinga utakuwa wa mjomba, sio wangu. Nitafanya mwenyewe, wanikome.

Maua yakaanza kupukutika ndipo mjomba akapita chini ya ule mninga, akanikuta nafungua kamba, napeleka mzinga kwenye mti wa nne. Akauangalia ule mzinga. Akaupokea, akaingiza pua yake yote mlangoni, akanusa. Akanipa na mimi.

"Unanuka nini?"

"Mti, mjomba."

"Na msitu huu wote unanuka nini?"

Nikaugeuza mzinga, nikanusa tena.

"Nyuki hana shida ya mti, mtoto wa dada. Miti anayo. Anatafuta panaponuka nyumbani. Umepaka nta humu ndani?"

"Sijapaka."

"Mkono mtupu haulambwi. Umeuhamisha mzinga huu kwenye miti mitatu, hata siku moja hujauuliza umekosa nini."

Nikajibu kwa kiburi, machozi yako karibu: "Nta naitoa wapi, na mimi sina nyuki? Nta si inatoka kwa nyuki? Nikiwa na nyuki ndipo nitapata nta, na nikiwa na nta ndipo nitapata nyuki. Nianzie wapi?"

Mjomba Malando akacheka, meno yake ya ugoro yote nje. "Anzia kwa mwenye nyuki," akasema. "Hata mzinga wangu wa kwanza ulipakwa nta ya Nsokolo. Nsokolo alipaka ya Kapele. Na Kapele, nasikia, alipewa na bibi mmoja mjane, Nyamizi, aliyerithi mizinga ya mume wake. Hakuna mtu msitu huu aliyeanza kwa nta yake. Ulidhani mimi nilizaliwa nayo?"

Akanipa donge la ukubwa wa ngumi. Nikaliyeyusha kwenye kigae, nikapaka ndani kwa manyoya ya kuku, nikautundika pale pale kwenye mninga nilioutukana. Siku ya tisa, mchana, nikasikia mvumo. Mijusi ilihama bila kuaga.

Nilipomaliza kusimulia, Skola alikuwa ameegemeza kidevu kwenye goti. Halafu akasema taratibu, "Bibi, mimi sijaiuliza."

"Hujaiuliza nini?"

"Kadi. Sijaiuliza imekosa nini. Nimefuta, nimeweka, nimehamisha. Sijasoma hata mara moja inachosema."

Akaivuta kompyuta mapajani, akafungua dirisha jeusi lile lenye maandishi tu, akaandika maneno mawili matatu. Ikatoka mistari mingi kama mvua. Mimi nimeishia darasa la nne la misheni, Kiingereza kilinipita mbali, lakini uso wa mjukuu wangu naujua kuusoma. Uliwaka.

"Iko hapa!" akasema. "Imeandika tangu Jumatatu, bibi! Kadi inaonekana, kadi ni nzima. Jina lake hili hapa, lina namba: mbili, saba, sita, nane. Inachosema, kuna faili dogo inalolihitaji ndipo iamke, na hili faili halikuja pamoja na Linux. Imelitafuta, imelikosa, ikalala."

"Kumbe haijaugua."

"Haijaugua. Imekosa nta."

"Sasa faili lenyewe liko wapi?"

Furaha ikamshuka kama pazia. "Liko mtandaoni."

Ah, mwanangu. Tukatazamana. Kupata mtandao anahitaji faili, kupata faili anahitaji mtandao. Yale yale ya kwangu, tofauti ni kwamba yangu yalikuwa yanauma.

"Simu yako haina mtandao?" nikamwuliza.

"Inao. Ningeichomeka kwa waya, kompyuta ikanywa mtandao wa simu. Nimejaribu sasa hivi. Waya wangu huu ni wa kuchaji tu, haupitishi kitu kingine. Unaopitisha anao..." Akaanza kuuzungusha ule waya wake kidoleni.

"Anao nani?"

"Jofrey."

Jofrey ni fundi wa kompyuta pale Kashaulili, ana kibanda karibu na soko, kijana mwenye maneno. Jumatatu Skola alipopita mbele yake na mkoba wake, alimwambia mbele ya wateja: "Dada Skola, Linux sio mkorogo, haipakwi na kila mtu. Rudisha mfumo wa zamani, usijitie aibu." Watu wakacheka. Tangu siku hiyo Skola alikuwa anazunguka soko kwa nyuma ili asipite pale.

"Siendi," akasema. "Heri ziende stoo."

"Heri mijusi?" nikamwuliza.

Akaniangalia. Kona ya mdomo ikatetemeka, nikajua nimempata. "Vaa viatu," nikamwambia. "Na mimi nakuja. Nina hamu ya samaki, wale migebuka."

Tukachukua bodaboda mbili. Jofrey alikuwa kwenye meza yake, bisibisi mdomoni, anafungua simu ya mtu. Alipotuona akaitoa bisibisi.

"Shikamoo bibi. Eeh, dada Skola! Umekuja kukubali kushindwa?"

Nikaona mjukuu wangu anaukaza mkoba kifuani. Nikangoja. Kuna wakati mzee anatakiwa kusema na kuna wakati anatakiwa kutafuna ulimi wake, na huu wa pili ndio mgumu.

"Nimekuja kuomba," Skola akasema. "Kadi yangu nimeijua jina, nimejua imekosa faili. Naomba waya unaopitisha data, nusu saa tu."

Jofrey akaacha kutabasamu kwa kejeli. Akasogeza ile simu pembeni. "Namba yake?"

"Mbili, saba, sita, nane," nikajibu mimi, maana namba na jina kwangu ni kitu kimoja.

Akapiga paja. "Hiyo! Hiyo bibi iliniliza mimi siku mbili nzima! Mimi nilifungua mpaka nati, nikidhani imeungua. Mtu wa Tabora ndiye aliyeniambia kwa simu. Lete hapa." Akavuta droo, akatoa waya mfupi mweusi. Halafu akainua kichwa. "Na yale maneno ya Jumatatu, dada..."

"Yameshapita. Chomeka."

"Mh! Mkali kama mwalimu kabisa."

Wakainama wote wawili. Simu upande huu, kompyuta upande ule. Skola akaandika, mistari ikashuka, faili likaja. Lilikuwa dogo, Jofrey alisema, hata wimbo mmoja ni mkubwa kuliko lenyewe. Fikiria, kitu kidogo namna hiyo kilitaka kuzipeleka kompyuta sita stoo. Skola akazima, akawasha. Nikajikuta nimeshika rozari mfukoni.

Kwenye kona ya ile skrini kukatokea kialama kama upepeo uliokunjuliwa. Akakibonyeza. Yakafunguka majina! Mwanangu, sikujua hewa ya soko imejaa majina namna hiyo. Kila mwenye mtandao ameubatiza wake. Kulikuwa na Saluni ya Mama Joisi. Kulikuwa na Nunua Bando Lako. Kulikuwa na Baba Mapacha, na mwingine amejiita Mtoto wa Karema.

"Huyu namjua," nikasema. "Huyu ni Deusi wa Anastazia, aliyehamia kutoka Karema, anauza migebuka pale nyuma. Na Baba Mapacha ni Leonsi, lakini wale sio mapacha, wamepishana mwaka."

Jofrey akacheka mpaka akakaa chini. Skola naye akacheka, kile kicheko chake chenyewe, cha kutupa kichwa nyuma, na mimi nikaenda kununua samaki.

Alhamisi akaliweka lile faili kwenye flashi, akapita moja moja zile kompyuta tano zilizobaki pale shuleni. Nne zikaamka hapo hapo. Ya mwisho ikakataa. Angekuwa Skola wa Jumatatu, angeifuta. Safari hii alikaa, akaisomea mistari yake, na yenyewe ikamwambia kwamba faili inalo, ila imezimwa kwa nje. Akaigeuza huku na huku, akakuta kiswichi ubavuni, kidogo kama kucha, watoto walikisukuma wakati wa kuibeba. Tiki, ikawaka. Alinisimulia jioni wakati tunamenya mihogo, akasema, "Bibi, nilitaka kuitukana, nikakumbuka mninga."

Ijumaa nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikaenda kama mzazi. Watoto wamekaa watatu watatu kwenye kila kompyuta, wanatazama moyo wa mtu unavyosukuma damu, unatembea kabisa, mwekundu. Wazazi wakasogea mpaka wakakanyagana. Mzee mmoja nyuma yangu, Silvesta, mkulima wa mpunga kutoka Mpimbwe, akauliza kwa sauti: "Na waya uko wapi?" Mwalimu Ndasi akajibu kifua mbele kwamba hakuna waya, mtandao unapita hewani kutoka ofisini, kana kwamba ameupuliza yeye.

Halafu akamgeukia Skola mbele ya watu wote. "Ulifanyaje, maana Jumanne uliniambia zimegoma?"

Mwanangu, sikiliza hapa. Hapo mtu anaweza kusema chochote, na kila mtu ataamini. Skola akasema: "Niliambiwa na bibi nizisikilize, mwalimu. Na Jofrey wa Kashaulili alinisaidia waya." Pale mlangoni alikuwa amesimama Jofrey mwenyewe, alikuja kuchungulia, akaangalia viatu vyake kama bwana harusi.

"Jumatatu saa moja na nusu," Mwalimu Ndasi akasema. "Uje na cheti."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, hatukutaka bodaboda. Alipofika alipanda juu ya kiti, akashusha ile bahasha, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaiweka kwenye mkoba. Mimi nikaingia jikoni nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Sasa mwanangu, wewe unayesoma haya, sijui unahangaika na nini. Pengine ni kompyuta, pengine ni shamba, pengine ni mume. Nakuomba hivi. Kitu kikikataa, usianze kukihamisha. Kaa nacho chini, ukiulize kinakosa nini, na kikikujibu, usome jibu mpaka mwisho hata kama limeandikwa kwa namna isiyokupendeza. Mambo mengi tunayoyaita yameharibika hayajaharibika, yanangoja kitu kidogo. Asiyeuliza hana ajifunzalo.

La pili ndilo zito, nalo lilinigharimu maua ya msimu mzima. Usione aibu kuomba cha kuanzia. Kuna milango duniani ambayo ufunguo wake uko ndani, na mtu wa kukufungulia ni yule aliyekwisha kuingia. Hata aliyekucheka jana mwendee. Mara nyingi anacheka kwa sababu na yeye alilia hapo hapo, na hajapata wa kumwambia. Kuomba hakukupunguzii kitu. Skola ni mwalimu kamili leo, na hakuna mwanafunzi anayeuliza ule waya ulikuwa wa nani.

Na ukishapata, mwanangu, usikunje mkono. Akija mtu na mzinga mtupu, mpe, tena mpe bila kumsimanga. Mtaje pia aliyekupa wewe, kwa jina lake, mbele za watu. Majina ya waliotusaidia yasipotajwa yanakufa, na hayo mimi siyataki yafe nikiwa hai.

Mungu akupe sikio la kusikia kinachonong'ona. Akupe goti jepesi la kuomba na kiganja kipana cha kutoa. Kazi ya mikono yako iamke asubuhi kabla yako, na kila unapobisha hodi usikie mtu ndani anaitikia karibu. Amina, mwanangu. Nenda salama.